Keshia anabonyeza "Cancel" na oda haiondoki: kisanduku cha kuthibitisha kiandikweje?

njugumawe

Hamjambo wadau. Naunda mfumo wa mauzo kwa maduka ya jumla hapa Nairobi, mengi yakiwa Kamukunji na Kirinyaga Road. Unafunguka ndani ya Chrome, kwenye kompyuta ya kaunta yenye skana ya msimbopau. Keshia akitaka kuondoa oda, huona hivi:

"Una uhakika unataka kughairi oda hii?"
Vitufe: OK | Cancel

Nimetumia confirm ya JavaScript, yaani kisanduku cha swali kinachotolewa na kivinjari chenyewe. Malalamiko ni ya aina mbili. Wapo wanaobonyeza Cancel wakidhani ndicho kinachoghairi oda. Oda inabaki na stoki inaendelea kuonyesha mzigo umeshikwa. Halafu zipo oda zinazoondoka na hakuna keshia anayekubali kwamba alibonyeza kitu. Nimefikiria kuongeza kisanduku cha pili, "Una uhakika kabisa?" Je, kitasaidia? Na vitufe viandikweje kwa Kiswahili?

mtaa_wa_pili

Ndugu, usiongeze cha pili. Mtu anayefanya kazi ileile kutwa hukariri mwendo wa mkono: bonyeza, bonyeza, endelea. Kisanduku cha pili kitaingia kwenye mwendo huohuo na hakitamzuia mtu.

Malalamiko ya kwanza yanatokana na vitufe. Swali linauliza kuhusu kughairi, na kitufe cha kukataa nacho kinasema kughairi. Ukitafsiri iwe "Sawa" na "Ghairi", kosa limebaki palepale. "Ndiyo" na "Hapana" navyo si salama, kwa sababu wengi hutazama vitufe kabla ya swali. Na siku utakapoandika swali la kukanusha, "Hutaki kuhifadhi?", mmoja atajibu Ndiyo kwa maana ya "ndiyo, sitaki", mwingine kwa maana ya "nataka". Kila kitufe kitaje kitendo chenyewe:

"Uondoe oda namba 0417?
Bidhaa 12, KSh 8,450. Mzigo utarudi stoki na oda haitaweza kufunguliwa tena."
Vitufe: Ondoa oda | Bakiza oda

Ona kwamba "ghairi" halimo tena. Chagua kitenzi kimoja kwa kitendo kimoja katika mfumo mzima: ondoa kwa oda, futa kwa rekodi, funga kwa dirisha. Skrini moja ikisema futa na nyingine ondoa kwa jambo lilelile, keshia ataamini ni mambo mawili tofauti, na ana haki.

Kwa confirm huwezi kufanya haya. Vitufe vyake ni vya kivinjari, na lugha yake hufuata kivinjari. Tena visanduku vikijirudia, Chrome humpa mtumiaji nafasi ya kuzuia ukurasa usifungue vingine. Akikubali, confirm hurudisha false (jibu la "hapana") kimyakimya na kitufe chako kinaonekana kimekufa. Hamia kwenye elementi ya dialog ya HTML, ambayo vitufe vyake unaviandika mwenyewe, uifungue kwa showModal, uipe role ya alertdialog. Unganisha swali kwa aria-labelledby na maelezo kwa aria-describedby ili wanaotumia kisoma-skrini wasikie vyote viwili.

skana_na_risiti

Oda zinazoondoka zenyewe: chunguza skana kabla ya kumlaumu keshia. Skana nyingi za USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Hupiga tarakimu za msimbo, kisha kwa kawaida Enter. Kwenye confirm, OK ndicho kitufe kilichochaguliwa tangu kisanduku kinapofunguka. Keshia amefungua kisanduku, akageuka kuzungumza na mteja, mwenzake akaskani mzigo unaofuata: Enter imeangukia OK.

Kulithibitisha ni rahisi. Fungua kisanduku, usiguse kitu, skani pakiti yoyote.

Wengi hutatua hili kwa kuweka fokasi (mahali kibodi inapoelekezwa) kwenye kitufe salama. Oda inapona, lakini kisanduku kinajifunga na bidhaa iliyoskaniwa haiingii popote, kwa hiyo umehamisha hasara tu. Afadhali fokasi ikae kwenye kichwa cha kisanduku, chenye tabindex ya -1 na autofocus, ili Enter isibonyeze chochote. Kisha sikiliza keydown, tukio la kitufe cha kibodi kubonyezwa: herufi zikifuatana kwa chini ya milisekunde 30 hivi, hiyo ni skana na si vidole. Zitunze kwenye bafa (hifadhi ya muda), onyesha "Jibu swali hili kwanza, bidhaa itaongezwa baadaye." Kasi hutofautiana kati ya skana na skana, kwa hivyo pima zile zilizoko madukani.

Kama kuna skrini za kugusa, kitufe cha "Ondoa oda" ndani ya kisanduku kisitokee mahali palepale palipokuwa kile cha kwanza. Mguso wa pili wa haraka hupenya. Kizime kwa muda mfupi kisanduku kinapofunguka. Firefox hufanya hivyo kwenye visanduku vyake vya usalama, kwa sekunde 1.

njugumawe

Nimeskani kama ulivyosema, na oda imeondoka bila mkono wa mtu. Asanteni sana. Sasa niweke kisanduku kipya kwenye kila kitendo cha kuondoa? Kuna bidhaa ndani ya oda, punguzo, wateja, na kurudisha pesa.

karani_wa_ngara

Hapana. Panga kwanza kinachoweza kurudishwa na kisichoweza.

Bidhaa moja ndani ya oda haihitaji swali. Iondoe papo hapo na utoe utepe chini: "Sukari kilo 2 imeondolewa. Rudisha". Gmail humpa mtu hadi sekunde 30 kurudisha barua aliyotuma, lakini kwenye kaunta usihesabu sekunde. Acha "Rudisha" ibaki hadi oda ilipiwe. Kwenye hifadhidata usitumie DELETE, amri inayofuta rekodi moja kwa moja; weka safu ya muda wa kuondolewa. Punguzo vivyo hivyo.

Ankara iliyokwisha kwenda eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, ni habari nyingine. Hiyo haifutwi, husahihishwa kwa kredinoti (hati ya kupunguza au kubatilisha ankara), kwa hiyo usiweke kitufe cha kufuta hata kidogo. Kiandikwe "Toa kredinoti".

Kurudisha pesa kwa simu ndiko kunakostahili kisanduku hasa. Taja jina la mpokeaji na kiasi kabla pesa hazijatoka. M-Pesa imewazoesha watu kuangalia jina, nawe itumie tabia hiyo. Kufuta mteja mwenye historia ya deni, mtake keshia aandike jina la mteja, kama GitHub, tovuti ya kutunza msimbo wa programu, inavyodai jina la hazina ya msimbo kabla ya kuifuta. Njia hiyo iwe ya mambo ya nadra tu. Ukiiweka kwa ya kila siku, watu watanakili na kubandika bila kusoma.

ngeli_kwanza

Nyongeza kuhusu maandishi. Usiunge sentensi vipande vipande, "Futa" + idadi + kitu + "itafutwa kabisa". Mteja atafutwa, wateja watafutwa, oda itafutwa, oda zitafutwa, kifurushi kitafutwa. ICU MessageFormat, muundo wa kuandika jumbe za tafsiri, ina one (umoja) na other (wingi) kwa Kiswahili, ila hiyo ni idadi tu, haijui ngeli. Andika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Ni mistari michache zaidi kwenye faili la tafsiri na hakuna atakayesoma "mteja itafutwa".

Kabla ya kusambaza toleo, chapisha kisanduku kwenye karatasi, funika swali, umwachie keshia vitufe viwili peke yake. Muulize kila kimoja kitafanya nini. Akisitasita, rekebisha maneno ya kitufe na uache swali lilivyo. Baada ya kusambaza, rekodi muda kati ya kisanduku kufunguka na kitufe kubonyezwa. Wengi wakijibu chini ya sekunde moja, hawasomi, na kitendo hicho kinafaa kuhamia kwenye "Rudisha" kama kinarudishika.