Kwa nini pip inakataa kusakinisha maktaba kwenye Linux yangu mpya?

Muulizaji
Salaam, wakuu. Nimetumia siku mbili kuiandaa kompyuta yangu kwa ajili ya kuandika programu kwa lugha ya Python kwenye Linux niliyoisakinisha upya, na mpaka sasa sijaandika hata mstari mmoja wa programu yenyewe. Amri ya kwanza, `pip install requests` (pip ni zana ya kusakinisha maktaba za Python), ilikataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`, uliofuatwa na maelezo marefu yanayotaja apt, yaani zana ya kusakinisha vifurushi vya mfumo, na mazingira pepe, yaani saraka ya mradi yenye maktaba zake yenyewe za Python. Katika kutafuta ufumbuzi nilikuta ushauri wa kutanguliza `sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, na kuongeza `--break-system-packages`. Niliufuata, maktaba ikaingia, nikasakinisha na nyingine kadhaa kwa njia hiyo hiyo. Leo programu mojawapo iliyokuja na mfumo haifunguki tena, na kosa linaloonekana ni la Python.

Nilirudi kwenye mazingira pepe, lakini `python3 -m venv` nayo ilisimama ikidai kwamba ensurepip, sehemu inayoweka pip ndani ya mazingira hayo, haipatikani, na nilipolivuka hilo, psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, ikagoma kusakinika kwa sababu `pg_config` haikuonekana. Siombi amri ya kunitoa hapa tu. Naomba kueleweshwa kwa nini Python ambayo tayari imo kwenye mashine yangu inakataa kunitumikia, na nitarekebishaje nilichoharibu bila kusakinisha mfumo wote upya.

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Hakuna haja ya kusakinisha upya.

Ujumbe unaotaja apt unaonyesha kwamba unatumia Debian au distro (mfumo kamili wa Linux) iliyotokana nayo, kama vile Ubuntu. Tangu toleo la 12, lililotoka Juni 2023, Debian inafuata pendekezo la PEP 668: faili iitwayo EXTERNALLY-MANAGED huwekwa kwenye saraka ya Python ya mfumo, na pip ikiikuta hukataa kusakinisha chochote nje ya mazingira pepe. Sababu ni kwamba Python hiyo si yako peke yako. Zana kadhaa za mfumo zimeandikwa kwa lugha hiyo, nazo hutegemea matoleo ya maktaba yaliyoletwa na apt na kujaribiwa pamoja. Ulipotumia `sudo`, pip iliweka matoleo yake chini ya /usr/local/lib, na Python hupekua huko kabla ya kufika /usr/lib, zinakokaa maktaba za apt. Kwa hiyo zana ya mfumo iliomba maktaba yake ikapewa ya kwako. Ile ya asili haijafutwa, imefunikwa tu.

Orodhesha ulichoongeza kwa `pip list --path /usr/local/lib/python3.11/dist-packages`, ukibadilisha 3.11 iwe namba ya toleo lako, kisha ondoa maktaba moja moja kwa `sudo pip uninstall --break-system-packages` pamoja na jina lake. Kwa maoni yangu, kusafisha namna hii ndiyo kazi pekee inayohalalisha chaguo hilo. Tafadhali usifute kitu kwa mkono ndani ya /usr/lib.

Jibu la 2
Naafiki maelezo hayo, ila sioni haki kumlaumu anayeanza. Nyaraka za Python huihesabu venv kuwa sehemu ya maktaba sanifu, lakini Debian huigawa Python katika vifurushi kadhaa, na bila `python3-venv` amri hiyo haikamiliki. Mtu atalijuaje hilo kabla ya kukwama?

Kuhusu psycopg2, sehemu yake imeandikwa kwa C na hujengwa kwenye mashine yako wakati wa kusakinisha. Inahitaji `libpq-dev`, ambayo ndani yake imo `pg_config`, pamoja na zana za ujenzi, `build-essential` na `python3-dev`, kama bado huna. Zoea kanuni hii: ukiona kosa la faili inayoishia na `.h` kukosekana, mara nyingi kinachohitajika ni kifurushi cha maktaba hiyo chenye jina linaloishia na `-dev`, au `-devel` ukiwa Fedora. Pia panda juu mpaka kosa la kwanza, kwa kuwa mistari ya mwisho kwa kawaida husema tu kwamba ujenzi umeshindikana. Ukitaka kujaribu haraka, ipo `psycopg2-binary` iliyokwisha jengwa.

Muulizaji
Nawashukuru kwa dhati. Nilikuta maktaba sita, nikaziondoa zote, na programu ya mfumo imefunguka. Baada ya `libpq-dev`, psycopg2 imeingia bila neno. Limebaki moja: nimeihamishia saraka ya mradi mahali pengine, pamoja na mazingira yake pepe, na sasa amri ya `pip` ndani yake inasema faili haipo.

Jibu la 3
Mazingira pepe hayahamishiki, kwa sababu njia kamili ya saraka yake huandikwa ndani ya skripti zake, ikiwemo pip. Kwa kuwa python iliyomo kwa kawaida bado hufanya kazi, simama kwenye mradi uandike `venv/bin/python -m pip freeze > requirements.txt`, ukiweka jina la saraka yako badala ya venv. Kisha ifute saraka hiyo, uiunde upya hapo ilipo sasa, na usakinishe kwa `venv/bin/python -m pip install -r requirements.txt`. Utarudia kazi hiyo hiyo siku distro itakapohamia toleo jipya la Python, kwa hiyo itunze faili hiyo pamoja na msimbo wako.