Tableti ya daftari la dagaa: mpya yenye waranti, iliyotumika, au ya bei nafuu?

Mama wa Mwaloni
Wadau, habari za jioni. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na mimi ndiye mweka hesabu wa kikundi chetu cha akina mama kumi na wanne. Daftari letu lote lilikuwa kwenye tableti: nani kaleta magunia mangapi, nani anadaiwa, picha za risiti. Humo humo zilikuwemo sauti za marehemu mama akinisimulia habari za Ukerewe ya utotoni mwake. Ilipofika mwezi wa tisa ikagoma kuchaji. Waliotuuzia wakaituma Dar, tukakaa wiki tano bila jibu, kisha ikarudi na karatasi: alama ya maji ndani imekuwa nyekundu, waranti haihusiki. Fundi wa mtaani naye akasema bodi, ile sakiti kuu ya ndani, imekufa.

Kikundi kimenipa laki tano na nusu ninunue nyingine. Dukani nimeoneshwa Samsung Galaxy Tab A9 mpya yenye waranti ya mwaka mmoja. Kuna iPad iliyotumika kutoka Dubai, mwenye duka anatoa waranti yake ya miezi mitatu. Kuna pia moja mpya ya jina ambalo sijawahi kulisikia, bei karibu nusu. Hizi ni fedha za wenzangu, siwezi kukosea tena. Nisaidieni.

Fundi Makoroboi
Pole sana mama, na pole kwa sauti za mama yako.

Nianze na faili, maana wengi wanadhani fundi kawaficha. Zamani tuliweza kung'oa chipu ya memori kwenye bodi iliyokufa tukaisoma pembeni. Vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 10 na kuendelea vinafunga kila kitu kwa siri, na ufunguo unakaa ndani ya bodi ile ile. iPad ni hivyo hivyo. Chipu unaweza kuihamisha, lakini utakachosoma ni takataka. Kinachowezekana wakati mwingine ni kuiamsha bodi yenyewe kwa muda mfupi. Kwa hiyo kama bado unayo, mpelekee fundi wa bodi mwingine, na usimwombe aiponye. Mwombe iwake saa moja tu mnyonye faili. Sikuahidi, ila usiitupe.

Pili, chanzo. Tableti za Mwaloni nazijua nikizifungua tu. Tundu la chaji limejaa unga wa dagaa, juu yake unyevu, na vile vipini vidogo vya shaba vimeota ukijani. Juzi nimetoa gamba zima la samaki kwa kijiti cha meno. Mtu anatoka mwaloni mikono mibichi, anachomeka chaji, umeme unapita kwenye maji, sistimu ya chaji inaungua na bodi inafuata. Hapo ndipo waranti inapokukimbia, iwe ya kampuni gani. Maji, kioo kilichopasuka, bodi iliyofunguliwa na fundi wa nje: hivyo vitatu karibu kila karatasi ya waranti inavikataa. Waranti inalipia kosa la kiwanda, na tableti za ziwani hazifi kwa kosa la kiwanda. Nunua kava lenye kifuniko cha raba kwenye tundu, na usichaji mpaka pakauke.

Kati ya hizo tatu, mimi nachukua A9. Betri yake ni 5100 mAh, kioo cha inchi 8.7 kinashikika kwa mkono mmoja, na ina sehemu ya memori kadi. Vipuri vyake vinatafutika. Ile isiyojulikana jina, ikipasuka kioo, kioo chake sitakipata Mwanza wala Kariakoo, nimeshahangaika nazo vya kutosha.

Kijana wa Nyegezi
Mkuu Fundi, naheshimu, lakini iPad msiitupe hivi hivi. Nasoma chuo, yangu nimeinunua imetumika, huu mwaka wa tatu. Apple huzitumia masasisho kwa miaka mingi, na kioo chake kinapendeza macho.

Ila mama, kwa kazi yako kuna mawili. iPad haijawahi kuwa na sehemu ya memori kadi, toleo lolote. Na nafasi ya bure ya iCloud, ghala la Apple la mtandaoni, ni GB 5 tu. Ukiipenda bado, ingiza serial namba ya kifaa kwenye tovuti ya Apple uone kama waranti ya kiwanda ipo, na hakikisha akaunti ya mwenye kwanza imetolewa mbele yako. Isipotolewa umenunua sahani.

Binti Sengerema
Yoyote inayoingia laini, piga *#06# kabla ya kulipa, uitume ile namba ya IMEI, yaani utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 uone kama ni halisi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016, watu wengi walilia. Na jina kwenye risiti liwe la kikundi. Yangu iliwahi kukataliwa waranti kwa sababu risiti ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwalimu wa Nansio
Mama yangu, shikamoo. Naona wote tunabishana tableti, lakini kilichokuumiza ni daftari na sauti. Hata ile waranti ingekubaliwa, wangebadilisha bodi na kukurudishia tableti tupu. Mafundi wa kampuni hawana wajibu na faili zako, mara nyingi wanakuandikisha kabisa kwamba wataifuta. Kwa hiyo amua kwanza nakala zitakaa wapi.

Mimi huku kisiwani mtandao unakuja na kuondoka, nimejipangia hivi. Kila Ijumaa nachomeka fleshi yenye kichwa cha USB-C, nanakili folda nzima. Dakika tano. Akaunti ya Google inanibebea faili zinazobadilika kila siku, bure hadi GB 15. Hizo 15 zinagawanywa na barua pepe na picha, na tangu 2024 hata bakapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo. Zikijaa, kuhifadhi kunasimama, na usipofungua ule ujumbe wa onyo hujui.

Kuna mtego mmoja naomba uusome polepole. Picha zikishapanda Google na ukazifuta kwenye tableti ndani ya app ya Google Photos ili kupata nafasi, zinafutika na kule juu. Mwenzangu shuleni alifuta hivyo picha za wanafunzi wa miaka minne, alikuja kugundua siku sitini za pipa la taka zimeshapita. Kupandisha mtandaoni peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na nakala moja ambayo haiguswi na kidole chako unapofuta.

Fundi Makoroboi
Mwalimu kasema kweli. Naongeza kuhusu memori kadi: ukiulizwa uifanye sehemu ya memori ya ndani, kataa, iwe ya kubebeka. Ukikubali, kadi inafungwa kwa siri ya kifaa kile, tableti ikifa kadi haisomeki popote. Na siku ya kuipeleka kutengenezwa, toa kadi na laini ubaki nazo, piga picha tableti pande zote, udai karatasi ya kupokelea yenye IMEI.

Binti Sengerema
Muulize pia muuzaji inatengenezewa hapa hapa au inasafirishwa. Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, wiki tano zako zilipotelea njiani.

Mama wa Mwaloni
Marahaba mwalimu. Asanteni nyote, nimesoma mara mbili na mwenyekiti wangu nimemsomea.

Tunachukua A9 yenye laini, risiti kwa jina la kikundi. Ile ya bei nusu tumeiacha, na tofauti ya bei na iPad inanunua kava lenye raba, kadi moja na fleshi mbili. Fleshi moja itakaa kwa mwenyekiti Igoma, ya pili itakwenda kwa dada yangu Nansio na meli, tunabadilishana kila mwisho wa mwezi.

Ile iliyokufa nilikuwa nimewapa watoto waichezee. Nimeinyang'anya sasa hivi, nimeifunga kitambaani. Fundi, kesho saa nne nitakuwa kwako Makoroboi. Nataka iwake hiyo saa moja. Daftari tutaliandika upya kwa kuulizana, lakini sauti ya mama sina pa kuiuliza.

Fundi Makoroboi
Njoo mama. Usiichaji usiku huu hata kwa kujaribu. Na uje na fleshi.