Feti (sherehe) ya mwisho wa mwaka kwenye biro ya Serikali, Lubumbashi: mchango, tarehe na chakula cha watu 42

sekretere_kampemba

Jambo yenu bakubwa. Shefu wa divizioni ameniweka kwenye kamati ya feti ya mwisho wa mwaka. Tuko 42: yeye mwenyewe, mashefu wa biro 6, maatashe 14, maajenti 10, mahuisie (matarishi) 3, na wale 8 wa NU (watumishi wapya), wenye barua ya kazi lakini majina hayajatoka kwenye listi ya mishahara. Naomba mnisaidie: mchango upangwe namna gani ili kusiwe na kelele? Ninunue chakula kiasi gani? Tuchague siku gani? Halafu kuna mwenzetu anasema tuandikie kampuni zinazoleta mafaili kwetu, zitoe bia na sikre (soda). Inafaa?

mzee_wa_registre

Nianze na hiyo barua: isiandikwe. Kanuni za mwenendo za mtumishi wa Serikali (sheria-dekreti namba 017/2002 ya tarehe 3 Oktoba 2002) hazimruhusu kuomba wala kupokea zawadi kutoka kwa mtu anayemhudumia kikazi. Kuomba kwa mdomo bila karatasi hakubadilishi kitu. Kampuni ikileta kasiye (kreti) kumi mwezi wa Desemba, faili lake la Januari nani atathubutu kulirudisha kwa kukosa karatasi moja? Feti yenu ilipwe na mifuko yenu.

Mchango uende kwa gredi. Mfano mmoja: shefu wa divizioni dola 25, shefu wa biro 10, atashe 5, ajenti 3, huisie 2, NU sifuri. Kwa idadi yako inatoka 25 + 60 + 70 + 30 + 6, yaani dola 191. Tengeni nusu ya chakula, theluthi ya vinywaji, na kinachobaki kiwe cha makala (mkaa), barafu, usafiri na dharura. Jumla ikionekana ndogo, punguzeni bia. Msiongezee mahuisie mzigo.

Hao wa NU, msiwasamehe pesa halafu muwageuze wa kuosha masufuria. Hapo ndipo feti nyingi za biro zinaharibika: mtu hapati mshahara, na siku ya furaha anasimama na sinia mkononi huku wenzake wamekaa. Kazi za kugawa na kuosha zipangwe kwa zamu, na mashefu wa biro wawemo.

Kusanya mara mbili, baada ya mshahara wa Oktoba na wa Novemba. Mshahara wa Desemba unaweza kuchelewa, na hata ukiwahi tayari una wenyewe nyumbani. Usikubali pesa ikatwe kwenye prime (nyongeza ya mshahara) kabla mtu hajaipokea. Malalamiko yanaanza papo hapo. Mmoja ashike pesa, mwingine ashike daftari, na kila anayetoa atie sahihi mbele ya jina lake. Franka zibadilishwe kuwa dola siku ile ile, kwa bei iliyoandikwa kwenye daftari, maana zikikaa miezi miwili hazitanunua kile kile. Na angalia noti za dola pande zote nne: yenye mpasuko mdogo tu sokoni inakataliwa, na hasara itakuwa yako wewe uliyeipokea.

Kasa ya matanga (mfuko wa misiba) isiguswe. Hata kwa mkopo wa siku mbili.

mama_wa_sombe

Upande wa chungu sasa. Muko 42, pikieni 45, kwa sababu kuna sofa (dereva), mlinzi na polisi wa getini.

Unga wa mahindi: gramu 200 kwa mtu, ni kilo 9, nunua 10. Mchele kilo 4, kwa wasiopenda bukari (ugali) mchana. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa takriban kilo 12 za nyama na mifupa, ambazo zinagusa gramu 250 mbichi kwa kila sahani. Hiyo peke yake itaonekana kidogo, basi ongeza kuku 6, kila mmoja ukatwe vipande 8: utapata 48, kipande kimoja kimoja na vitatu vya akiba. Mwenye kijiko cha nyama awe mtu mmoja, mwenye moyo mgumu. Foleni ya kwanza ikijichotea yenyewe, wa nyuma watakula mchuzi.

Nguruwe mwache kabisa. Waislamu hawali, Waadventista hawali, Wakimbangu hawali. Mbuzi na kuku wachinjwe na Mwislamu ili wote wale chungu kimoja, badala ya kuwatengea wengine kasufuria kao pembeni kama wagonjwa.

Sombe (kisamvu) ipikwe siku moja kabla. Ichemke bila kifuniko saa nzima au zaidi kabla ya kutia mafuta, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Wapishi wenye haraka wanaruka hatua hiyo, na kesho yake biro nzima inalalamika tumbo. Bukari isongwe mwisho, nusu saa kabla ya kula, kwenye sufuria za kilo 3 za unga. Ukisonga kilo 10 pamoja, mwiko haufiki chini: katikati inabaki mbichi na mabonge hayaishi. Ikiiva iende moja kwa moja kwenye masanduku ya kutunza joto.

Vinywaji: kasiye ya chupa kubwa za bia ina 12, ya sikre ina 24. Kwa 45, sikre kasiye 3 na bia kasiye 3, pamoja na maji. Bia 36 ni mbili mbili kwa wanywaji 18, inatosha. Vidanji (chupa tupu) zihesabiwe zikiingia na zikitoka, na mtu mmoja. Kila chupa iliyovunjika inalipwa. Umeme usiutegemee. Chukua pipa, weka barafu, maji na chumvi mikono miwili, uzamishe chupa saa mbili kabla. Barafu peke yake bila maji inagusa chupa sehemu chache tu, ndiyo sababu bia inabaki vuguvugu juu ya barafu nyingi.

Siku: mimi ningesema siku ya tano (Ijumaa), kazi ikiisha.

kalendari_ya_katuba

Mama, kwa heshima, siku ya tano hapana. Adhuhuri Waislamu wako msikitini, na Waadventista wanataka kuwa nyumbani kabla jua halijazama. Siku ya posho (Jumamosi) ndiyo mbaya zaidi kwao. Chagueni siku ya ine (Alhamisi), kabla ya tarehe 20 Desemba, watu hawajaanza kuondoka likizo. Msisogeze hadi Januari: mifuko mitupu, na tarehe 4, 16 na 17 ni sikukuu.

Saa 13h00 hadi 17h00. Desemba ni mvua, na mvua ya jioni ikinyesha taksi-basi za Ruashi na Katuba zinakuwa haba. Tafuteni ukumbi wa parokia au ua wenye hema, sio ndani ya vyumba vya mafaili. Gishe (dirisha la kuhudumia watu) isifungwe: wawili wabaki hadi saa ya kufunga, na sahani zao zitengwe mapema, zifunikwe. Gari lenye plaki (namba) ya Serikali lisionekane kwenye baa.

Kwenye mwaliko andikeni "mwisho wa mwaka", si "Noeli". Wakimbangu wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei, na Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei. Asiyekuja asiulizwe.

sekretere_kampemba

Asanteni sana, papa na mama, na wewe wa kalendari. Mbili zimebaki: hotuba na meza ya shefu? Na pesa ikibaki?

mzee_wa_registre

Hotuba mbili, dakika tano tano, kabla ya chakula. Baada ya bia hakuna anayesikiliza, na anayezungumza anaweza kusema lisilosemwa. Shefu akae meza moja na watu wa gredi mbalimbali, ale chungu kile kile. Mwambieni kwa adabu aondoke karibu 16h00. Muziki utaanza kunoga hapo. Kotasio (alama za kazi za kila mtumishi), kupandishwa gredi na uhamisho visijadiliwe siku hiyo, hata na yeye mwenyewe. Asiyekunywa asibembelezwe, mwanamke asiyetaka kucheza asivutwe mkono, na picha zenye chupa zisiingie kwenye grupu la WhatsApp la kazi.

Hesabu ibandikwe ukutani ndani ya siku tatu, pamoja na risiti. Pesa iliyobaki amueni kabla ya feti, kwenye daftari lile lile. Mkiwa bado hamjaamua, wapeni wale 8 wa NU nauli ya kurudi.