Mrejesho: Escort yangu na pawa stiringi

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama nifunge pawa stiringi (mfumo unaosaidia kuzungusha usukani) kwenye Ford Escort Mk2 yangu ya mashindano, maana mabega yalikuwa yananiua. Wengi mlisema ni uzembe. Wachache wakasema nijaribu ya umeme, na hao ndio niliowasikiliza.

Ile inayosukumwa na mafuta (haidroli) niliiacha: pampu yake inakula nguvu ya injini, na paipu ikipasuka porini umekwisha. Nikanunua ya umeme iliyotoka kwenye Toyota Vitz kuukuu pale Kirinyaga Road, Nairobi, fundi akakata shafti ya usukani na kuiunganisha upya. Hapo usibahatishe, weldi mbovu inaua. Altaneta ya zamani, ile inayozalisha umeme wa gari, ilishindwa na mzigo, nikaweka kubwa.

Siku ya kwanza, kule Kona Baridi, usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi na haukurudi katikati wenyewe baada ya kona. Tukaongeza pembe ya kasta (jinsi mhimili unaogeuza gurudumu la mbele unavyolalia nyuma), ukatulia. Kokoto bado sizihisi mikononi kama zamani, na hilo linaniudhi kweli. Lakini Jumapili nimeendesha kutwa, na jioni nikanyanyua kikombe cha chai bila kuguna.

Wewe uliyeniambia nipige pushapu kwanza, nimeanza pia.