Manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za mapenzi, vichekesho na mauzauza ya shuleni: tupeane uzoefu, ipi ilikukamata?

Msomaji wa Usiku
Wakuu, jana mdogo wangu kaniomba nimtafutie manga ya shule, yenye mapenzi, kucheka na uchawi kidogo. Nikaikumbuka ile iliyoninyima usingizi nikisubiri matokeo ya kidato cha sita: Yamada-kun and the Seven Witches ya Miki Yoshikawa. Yamada, mkorofi wa shule, anaanguka ngazini pamoja na Shiraishi, kipanga wa darasa. Wanazinduka wamebadilishana miili! Wanadhani ni ule mwanguko, kumbe ni busu. Kilichonikamata ni pale Yamada, akiwa ndani ya mwili wa yule binti, anapogundua wasichana wenzake wanamnyanyasa naye hasemi. Nilikaa dawati moja na mtu wa hivyo miaka 2, sikuona kitu. Juzuu 28, imeisha, hakuna kungoja. Nyie ipi?

Kipanga Mstaafu
Naunga mkono. Nimeirudia mara 3.

Mzee wa Bando
Juzuu 28 zote za nini? Kuna anime yake, yaani katuni ya video, ya 2015, vipindi 12, usiku mmoja umemaliza.

Msomaji wa Usiku
Hapana ndugu yangu. Vipindi 12 vimekimbizwa mno, na haviifikii hata nusu ya hadithi. Ukiangalia hiyo tu, hujaisoma.

Mzee wa Bando
Nimeisoma yote. Baada ya pale wachawi wanaongezeka, hadithi inazunguka. Dogo aishie kwenye anime, asichoshwe.

Pwani Kwetu
Mimi Dandadan ya Yukinobu Tatsu. Momo anaamini mizimu ila haamini viumbe wa sayari nyingine, mvulana yeye kinyume chake. Wanabishana, kila mmoja anaenda kuthibitisha, wote wanakuta kweli. Bibi yake Momo ndiye mganga. Yule mvulana alipopandwa na mzimu wa bibi kizee mwenye mbio, nilifunga simu. Bwenini kwetu wasichana walikuwa wanapandisha mashetani, mmoja akianza wanafuata watano, nami nilikuwa namshika rafiki yangu mikono asijiumize. Siku mbili baadaye nikairudia na nikacheka hadi machozi. Ila kama dogo ni wa shule ya msingi, usimpe. Sura ya kwanza ina tukio baya la kumvua msichana nguo.

Binti wa Juu
Nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza. Yangu ni Fruits Basket ya Natsuki Takaya.

Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nikahamia kwa mama mdogo, nalala sebuleni, godoro nalitandika wageni wakiondoka. Picha za mama zote zilikuwa kwenye simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona. Ilipogoma kuwaka nikaipeleka kwa fundi. Akanirudishia inawaka vizuri, safi kabisa, akasema ameiflashi. Nikafungua picha. Hakuna kitu. Nikafungua tena. Nilikaa pale kwenye benchi lake mpaka anafunga banda.

Usiku huo binamu yangu akanipa simu yake nisome, eti hii inachekesha, kuna ukoo ambao baadhi yao wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine wanageuka wanyama. Ni kweli inachekesha. Lakini yule Tohru amefiwa na mama yake, anaishi kwenye hema peke yake. Udongo unaporomoka unalifukia hema, naye ana homa, anachowaza ni picha ya mama yake iliyobaki chini ya udongo. Nikauma shuka ili wasinisikie. Yake walimfukulia.

Kipanga Mstaafu
Pole sana dada. Aisee.

Mzee wa Bando
Pole mdogo wangu. Ingia kwenye akaunti ya barua pepe aliyokuwa anatumia mama, huenda picha zilihifadhiwa huko zenyewe.

Pwani Kwetu
Simu ya zamani hivyo, akaunti ya wapi? Muulizeni kwanza kama kadi ya memori fundi aliitoa.

Fundi Mitaa
Ikishaflashiwa usipoteze hela kwa mafundi wengine. Tafuta za karatasi. Kanisani, msikitini, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, albamu za harusi za majirani.

Mzee wa Bando
Usimkatishe tamaa mtoto wa watu. Ajaribu vyote.

Binti wa Juu
Asanteni. Nimempigia mama mkubwa sasa hivi. Anasema mweka hazina wa kikundi chao ana fomu ya mama yenye picha ya pasipoti, kaibana na pini. Jumamosi nakwenda.

Kipanga Mstaafu
Nenda na bahasha ngumu, isikunjike.

Msomaji wa Usiku
Dada, utuambie Jumamosi. Na hiyo Fruits Basket dogo aanze na anime ya 2001 au ya 2019?

Binti wa Juu
Ya 2019, inamaliza hadithi yote. Ila mpe kitabu kwanza, juzuu 23. Mwambie anasoma kutoka kulia.