Mrejesho: Wito wa umisheni, Msumbiji au hapa Malindi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi wa tatu niliwauliza: nasikia wito wa umisheni Msumbiji, je, niache kazi niende au nianzie nyumbani Malindi? Asanteni sana mlionijibu, hasa dada aliyesema nijaribu kwanza miezi sita kijijini, na mzee aliyesisitiza nisiondoke bila baraka za kanisa.

Nimefuata yote mawili. Mchungaji aliniombea, akanituma kijijini Marafa kila Jumamosi. Ni kazi nzito. Tangu maafa ya Shakahola ya 2023, ambako waumini wengi walikufa kwa kufunga kula walivyofundishwa na mhubiri wao, mhubiri mgeni anaogopwa, na watu wana haki. Mama wa nyumba ya kwanza aliendelea kupepeta mahindi, akaniuliza bila kuniangalia, "Na wewe umekuja kutuambia tufunge?" Nikarudisha Biblia mkobani, nikachukua dumu, tukaenda kuteka maji. Wiki ya nne ndipo aliponiomba nimsomee Zaburi.

Darasa la watoto lilikufa baada ya wiki tano, maana Kigiriama changu ni kibovu. Ushauri wa kuomba nafasi katika shirika la umisheni nao haukuzaa: walitaka nichangishe pesa za miaka miwili, sikufika hata nusu.

Hamu ya Msumbiji haijaniondoka, naendelea kuomba. Lakini mmisionari Krapf alipofika pwani hii 1844 alianza na kujifunza lugha, nami nimeanza. Mwalimu wangu ni yule mama.

Mungu awabariki sana.