Hivi nani aliwadanganya kwamba "ki-app kidogo tu" ni kazi ya wikendi moja?

Wakuu, nimechoka. Kila mteja wa hapa Tanga anakuja na maneno yale yale: "Kaka, nataka kitu kidogo tu." Huyu wa sasa anakodisha viti na maturubai Ngamiani. Anataka programu ya simu badala ya daftari: jina, tarehe, idadi ya viti, basi. Nilipomtajia bei akaguna kama nimemtajia mahari.

Haya, tuanze na hiyo tarehe. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa", mzee wa Makorora ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, mjukuu wake ana maana ya Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Lazima programu iulize, tena bila mzee kuona anahojiwa. Seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi data za programu) nazo zinatunza muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo oda ya saa saba usiku usipoiangalia itasomeka ya jana.

Viti ndiyo balaa lenyewe. Vya harusi vinatoka leo, vinarudi kesho mchana vikiwa pungufu, vingine miguu imekatika, na kuna mtu alishavilipia kwa kesho asubuhi. Ukihesabu kwa siku tu, umekodisha hewa. Mara unaingia msiba. Msiba hauweki oda: mtu kafariki alfajiri, anazikwa alasiri, na bosi mwenyewe anasema msiba haukataliwi. Sawa, sasa anyang'anywe nani viti? Nikamuuliza, akanijibu, "Hapo tutaangalia." Hiyo "tutaangalia" naiandikaje ndani ya programu, jamani?

Malipo ndiyo usiseme. Namba moja ya simu inaanza na 0, nyingine +255, Excel inaimeza ile sifuri, na advansi imetumwa kwa simu ya shemeji kwa hiyo jina halifanani. Mtandao ukikata, vijana wake wawili wanakodisha turubai lile lile la mwisho, kila mmoja kwenye simu yake.

Daftari lilimtosha kwa sababu yote haya yamo kichwani mwake, na hajawahi kuyahesabu kuwa ni kazi.

Jana kanipigia eti kapata kijana wa chuo, laki moja, Jumatatu anakabidhiwa. Poa. Namba yangu anayo, ila kurekebisha kazi iliyoanzwa na mtu mwingine nako kuna bei yake, na hiyo sipunguzi.